Chatu Mikononi mwa Manju

Mtazame manju anapomtoa chatu sandukuni. Mkono mmoja unashika nyuma ya kichwa kwa upole, pasipo kubana. Wa pili umeshatangulia katikati ya mwili, kwenye uzito, maana nyoka asiyeegemezwa hutafuta cha kushika, na kilicho karibu ni shingo ya mtu. Chatu wa huku kwetu anaweza kupita mita 4. Hana sumu, lakini meno yake yamepinda kuelekea kooni, hivyo anayeng'atwa akauvuta mkono kwa pupa hujichana mwenyewe. Ngoma zinanguruma, vumbi linatimka, na manju hana haraka.

Hapa ni Bujora, Kisesa, nje ya jiji la Mwanza, ambako Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha kituo kilichozaa Makumbusho ya Wasukuma. Mwezi Juni, msimu wa sikukuu ya Ekaristi, hufanyika Bulabo, tamasha la ngoma. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyotokana na waganga mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana kwa kucheza wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi upande wake. Chatu akitoka sandukuni, watu huhama.

Wengi husifu ujasiri wa manju. Mimi nasifu vidole vyake. Chatu akijizungusha kiunoni, manju humwachia mzunguko wa kwanza, hata wa pili, akiendelea kukanyaga mdundo huku vidole vikisikiliza misuli. Ikianza kukaza kweli, havuti kichwa. Hushuka mkiani na kumkunjua kuanzia huko, pindo kwa pindo, kwa kuwa mkiani ndiko nguvu ya nyoka ilikopungua. Watazamaji wanaona mtu ameanguka, anagaagaa chini na joka lake, ameinuka. Wachache huona kwamba mkono ule wa kichwani haukubanduka muda wote.

Ujuzi huu una wenyewe. Bayeye, chama cha wataalamu wa nyoka, walifundishana kukamata nyoka, kutibu walioumwa na kuchanja dawa mwilini. Mafunzo yalikuwa na nyumba zake, na kuta zake kwa ndani zilichorwa kwa rangi za udongo na mkaa, nyeupe, nyeusi na nyekundu: nyoka, watu, viumbe wa ngano zao. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyechunguza mila kwa niaba ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alikusanya nakala za michoro hiyo katika kitabu kilichotoka London mwaka 1953. Aliyeichora alikuwa amemshika nyoka kwa mikono yake, na hilo kwangu ni jambo kubwa. Kwingineko joka limechorwa na watu wasiopata kuligusa: Wachina wakalikabidhi mvua na maji, wachoraji wa Ethiopia wakalilaza chini ya farasi wa Mtakatifu Giyorgis, mkuki ukilishukia.

Wasukuma nao wana zimwi lao, Shing'weng'we, lililomeza watu wote akabaki mama mmoja mjamzito. Mwanawe, Masala Kulangwa, alilisaka tangu utoto. Akiua panzi, humpelekea mama na kumwuliza kama ndilo. Siku alipoliua kweli, alilipasua tumbo, watu wakatoka wazima, ila kisu kilimkata bibi kizee sikio, na bibi akakasirika. Nalipenda sana sikio hilo. Msimulizi aliyelihifadhi alijua kwamba ndani ya zimwi mna watu, na mkono unaolipasua lazima uende polepole.

Kuta za udongo hazidumu. Ningependa nakala za Cory zichapwe kwa ukubwa wa ukuta na kutundikwa Bujora, mahali pa mazoezi, ili vijana wanaojifunza kumbeba chatu waziangalie kila siku, na wachoraji wao wazijaribu upya rangi zile tatu.