Kupata, Kupewa na Kujinyakulia: Vitenzi vya Historia ya Dola Katika Shule za Kiwango cha Kati

Hakuna mwanafunzi wa Kenya aliyefika Gredi ya 6 asiyeijua sentensi hii: Kenya ilipata uhuru mwaka 1963. Ni sentensi fupi, sahihi kisarufi, na tarehe yake haina ubishi. Hata hivyo, katika makala haya tunakusudia kuichunguza kama mhakiki anavyouchunguza mstari wa shairi, kwa kuuliza mtenda ni nani, mtendwa ni nani, na kitenzi hicho kimechaguliwa kwa nini. Dai letu ni kwamba historia ya dola, jinsi inavyofundishwa watoto wa baina ya miaka tisa na kumi na minne, ina upungufu ambao hautokani na uhaba wa habari bali na namna ya kusema. Tunadai pia kwamba somo la Kiswahili, ambalo hadi sasa limeketi pembeni likishughulika na ufahamu na insha, lina nyenzo za kuuziba upungufu huo.

Neno dola tunalitumia kwa makusudi. Taifa ni watu. Dola ni mamlaka yanayowatawala watu hao, pamoja na askari wake, mahakama zake, magereza yake na karatasi zake. Asili ya neno hilo katika Kiarabu inahusiana na kupokezana zamu, jambo ambalo watawala wengi wa bara hili hawakupenda kukumbushwa. Mafunzo ya shuleni aghalabu huchanganya mambo haya mawili, kiasi kwamba mtoto anaweza kumaliza masomo akidhani kuisifu serikali na kuipenda nchi ni tendo moja.

Katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, somo la historia katika shule za msingi lilifungwa pamoja na jiografia na uraia, na huko sekondari likaitwa kwa uwazi zaidi Historia na Serikali. Mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 na kufika Gredi ya 7 mnamo Januari 2023, umeliweka chini ya Elimu ya Jamii. Majina yamebadilika lakini lugha haikubadilika, kwani kuanzia Gredi ya 4 lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Hapa pana kinaya kinachostahili kuangaliwa. Dola yenyewe, ilipotaka kuingia mioyoni mwa wananchi, ilijibatiza kwa Kiswahili. Siku zake ni Madaraka, Mashujaa na Jamhuri; neno lililoandikwa kwenye nembo yake ni Harambee. Mtoto wa Gredi ya 5 anayajua maneno haya kama siku za kutokwenda shule. Maelezo ya maneno hayo anayapokea kwa lugha nyingine, katika kipindi kingine, kwa mwalimu mwingine. Hana habari kwamba Mashujaa iliitwa Siku ya Kenyatta hadi Katiba ya 2010 ilipoibadilisha, wala hajaulizwa kwa nini tarehe 20 Oktoba, ambayo mwaka 1952 ilikuwa siku ya kutangazwa kwa hali ya hatari na kukamatwa kwa viongozi, ilipewa kwanza jina la mtu mmoja kabla ya kurudishiwa wengi.

Turudi kwenye kitenzi. Kupata ni kitenzi chenye ukarimu mno. Mtu hupata mtoto, hupata homa, hupata kazi, na hupata shilingi iliyoanguka njiani. Hakidai jasho wala hakilikatai. Ndiyo maana kinamfaa sana yeyote asiyetaka kueleza jambo lilitokeaje. Tukibadili na kusema Kenya ilipewa uhuru, mara moja panahitajika mpaji, na mpaji huyo yuko: ni serikali ya Uingereza iliyoketi na viongozi wetu katika mikutano ya Lancaster House mwaka 1960, 1962 na 1963. Tukisema tulijinyakulia uhuru, kama inavyosemwa majukwaani kila tarehe 12 Desemba, tumeleta kirejeshi na kauli ya kutendea katika neno moja: tulinyakua, tukanyakua kwa faida yetu, na kilichonyakuliwa kilikuwa mkononi mwa mtu. Vitenzi vitatu, na kila kimoja ni nadharia kamili ya historia. Mtoto wa Gredi ya 7 aliyekwisha kusoma minyambuliko ya vitenzi anao uwezo wa kuziona nadharia hizo, lakini hakuna anayemwonyesha.

Wala tusidhani kwamba kitenzi cha tatu ndicho cha kweli kwa sababu tu kina ushujaa. Swali gumu liko katika kiambishi cha nafsi. Huyo tu- ni nani? Chama cha Mau Mau kilipigwa marufuku mwaka 1950. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa katika gereza la Kamiti pasipo alama. Marufuku ile iliendelea kuwa sheria hadi 2003, yaani miaka arobaini ya bendera yetu wenyewe. Kwa hiyo, kwa muda wa miaka arobaini, dola iliyosema jukwaani kwamba tulijinyakulia uhuru iliwahesabu katika sheria zake wanyakuzi wenyewe kuwa wanachama wa chama haramu. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa jijini Nairobi mwaka 2007. Mwanafunzi akionyeshwa tarehe hizi nne pamoja na kiambishi tu-, atakuwa amejifunza juu ya dola jambo ambalo orodha ya marais haiwezi kumfundisha.

Mfano wa Hola unaonyesha kwa ukali zaidi jinsi kitenzi kinavyoweza kuficha kosa. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa kumi na mmoja wa kizuizini walipigwa hadi kufa na walinzi kwa sababu walikataa kufanya kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilieleza kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Walikufa, hawakuuawa. Baina ya kufa na kuuawa pana tofauti ya kitenzi tu, na serikali iliona haja ya kujificha nyuma ya tofauti hiyo. Vivyo hivyo mwaka 2013, Uingereza ilipokubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 kwa mateso ya enzi zile, ilisema inajuta. Tofauti baina ya kujuta na kuomba radhi ni somo la msamiati linaloweza kufundishwa kwa dakika kumi.

Tukitafuta andiko la kufundishia mambo haya kwa Kiswahili, la kwanza kutujia ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa London mwaka 1934. Mwandishi alikuwa mwana wa mtumwa aliyekombolewa, na kijiji anachokisimulia, Freretown karibu na Mombasa, kilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu kama baba yake. Kengele yao ingali ipo, na mahali pale panaitwa Kengeleni hadi leo. Wahakiki wengi wamekilaumu kitabu hiki kwa kumsifu Mwingereza kupita kiasi, na lawama hiyo ni ya haki. Uhuru ndani yake huja kutoka baharini, umebebwa na manuwari. Mwafrika hutekwa, huuzwa, huokolewa, hufundishwa. Hata anapopata raha, raha hiyo ni ya kutendewa. Kauli ya kutendwa ndiyo inayokibeba kitabu kizima.

Lakini hatukubaliani na wale wanaoona kwamba kwa sababu hiyo kitabu kiachwe katika maktaba za vyuo vikuu. Kwanza, Kiswahili chake ni chepesi na simulizi yake inasisimua. Mtoto wa miaka kumi na miwili ataisoma bila kusukumwa. Pili, kinatuonyesha neno uhuru kabla halijaingia katika siasa. Kwa Mbotela, huru ni yule asiye mtumwa wa mtu, na uhuru ni hali ya mwili mmoja, ya huyu au yule. Safari ya neno hilo kutoka mwili wa mtumwa hadi bendera ya 1963 ni sehemu kubwa ya historia ya pwani na ya Kenya nzima. Katikati ya safari hiyo pana mwaka 1907, utumwa ulipoondolewa kisheria katika pwani ya Kenya, nyuma ya Zanzibar kwa miaka kumi. Ikumbukwe kwamba dola iliyoandika sheria hiyo imo pia katika Uhuru wa Watumwa, ikionekana kama mkombozi. Mwanafunzi aulizwe: ikiwa manuwari ilileta uhuru tangu zamani, mbona sheria ilichelewa hivyo?

Tatu, na hili ndilo kubwa kwetu, kitabu hiki kikisomwa vizuri humwelekeza msomaji kwa watu wasio kiini chake. Katika miaka ile ile ya Freretown, watumwa wengi hawakungoja meli. Walitoroka mashambani, wakaingia bara na kuanzisha makazi yao kama Fuladoyo, nyuma ya Malindi na Takaungu. Watu hao waliitwa watoro. Neno hilo mwanafunzi analijua, maana ndilo linaloitwa kwa sauti kali asubuhi mwalimu anaposoma rejista na kukuta jina lisilo na mwenyewe. Shuleni mtoro ni mkosaji anayestahili adhabu. Katika historia ya pwani, mtoro alikuwa mtu aliyejipa uhuru bila mpaji wala mkataba. Aliyemwita mtoro ni bwana wake. Sidhani kuna njia bora ya kumfahamisha mtoto kwamba maneno ya historia yana wenyewe, na kwamba anayetaja jina huwa amekwisha kutoa hukumu.

Jambo hili lina uzito wa pekee tunapovuka mwaka 1963. Hapo mafunzo ya kiwango cha kati huanza kutembea kwa vidole: nembo, wimbo, bendera, viongozi, mihimili ya serikali. Vita vya Kaskazini Mashariki, vilivyoanza na uhuru wenyewe na kutulizwa kwa mapatano ya Arusha mwaka 1967, vikitajwa huitwa Vita vya Shifta. Shifta ni jambazi. Tume iliyotumwa na Waingereza mwaka 1962 ilikuta kwamba wengi wa Wasomali wa eneo lile walitaka kujiunga na Somalia. Mtu anaweza kuamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba kuigawa nchi kungekuwa kosa. Lakini kuliita dai la kisiasa ujambazi, na kuliandika hivyo katika daftari la mtoto wa Garissa ambaye babu yake alikuwa mmoja wa waliodai, ni kumlazimisha mtoto huyo amtukane babu yake ili apate alama. Hili silo suala la mtindo. Ndilo lile lile la mtoro, isipokuwa safari hii bwana ni sisi.

Kuhusu Wagalla, Februari 1984, tume ya ukweli, haki na maridhiano iliyotoa ripoti yake Mei 2013 imekwisha kuyaweka wazi mauaji hayo. Hatusemi mtoto wa Gredi ya 4 asimuliwe yote yaliyotendeka katika uwanja ule wa ndege. Tunasema tu kwamba anapofika Gredi ya 9 asiwe bado anaamini kwamba dola ikishakuwa yetu haiwezi kuua.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili nacho si lugha isiyo na doa. Ni kweli. Sehemu nyingi za Kenya Kiswahili kilifika na askari na karani, na neno kipande, ambalo asili yake ni sehemu ndogo tu ya kitu, liligeuka kuwa cheti alichovikwa mfanyakazi shingoni baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Watu walipoligeuza neno serikali kwa mzaha kuwa siri kali, walikuwa wakikihakiki Kiswahili cha ofisini kwa Kiswahili cha mtaani. Doa hilo kwetu ni hazina. Lugha iliyomtumikia mtawala na mtawaliwa imehifadhi kumbukumbu za wote wawili, na mtoto anaweza kuzifukua kwa kalamu na kamusi.

Pingamizi la umri ni zito zaidi, lakini fasihi ina majibu yake. Katika Sauti ya Dhiki, diwani iliyotungwa na Abdilatif Abdalla gerezani kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya karatasi aliyoandika akiuliza nchi inakwenda wapi, limo shairi la ndugu wawili wanaogombania mnazi. Mmoja ameuparamia na anakula nazi. Mwingine yuko chini akidai haki yake. Hakuna rais ndani yake, hakuna chama, hakuna tarehe. Watoto wa Gredi ya 8 wanaweza kuligawana shairi hilo, nusu ya darasa wakawa wa juu na nusu wakawa wa chini, wakajibizana hadi kengele ilie. Ndipo mwalimu awaambie mtunzi alikuwa wapi alipolitunga, nani alimweka huko, na kwamba mwaka 1974 diwani hiyo ilipewa tuzo iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga. Kipindi kitakachofuata wairudie ile sentensi ya Gredi ya 6, na kila mmoja achague kitenzi chake na kukitetea.