Kamera ya laki moja na nusu: megapikseli 48 zilizoshindwa na kiluwiluwi wa Lupiro

Kila mwanafunzi anayepangiwa kazi ya uwandani huku bonde la Kilombero huuliza swali lile lile: ninunue kamera, au simu inatosha? Mimi nilinunua kwanza, nikafikiri baadaye. Naandika ili wewe ufanye kinyume.

Kazi yenyewe ni rahisi kuisema. Unazunguka Lupiro kwenye majaruba ya mpunga, madimbwi ya barabarani na vijito, unachota maji kwa upawa, unahesabu viluwiluwi, kisha unapiga picha ya kila zalio na waliomo. Picha ndiyo ushahidi wako. Mvua zikikatika dimbwi linakauka, na hapo hakuna cha kurudia mpaka msimu ujao.

Kamera ya kwanza niliipata Kariakoo, mpya kabisa, laki moja na nusu. Kwenye boksi kulikuwa na maandishi makubwa: megapikseli 48. "Dogo, simu yako ina ngapi?" muuzaji akaniuliza. Nikasema 13. "Sasa unasubiri nini?" Nikalipa.

Kwa wiki tatu nilipiga picha huku najiona mtaalamu. Kwenye kioo kidogo cha nyuma kila kitu kilionekana safi. Nilipozifungua kwenye kompyuta, nikaishiwa nguvu. Msimamizi wangu aliangalia picha mbili tu, akauliza, "Hawa ni viluwiluwi au punje za mchele?"

Swali lake lilikuwa la haki. Kiluwiluwi wa Anopheles hana mrija wa kupumulia, kwa hiyo hulala sambamba na uso wa maji. Yule wa Culex ana mrija, naye hujining'iniza kichwa chini. Ni tofauti inayoonekana hata kwa macho, na kamera nzuri ikisogezwa karibu inaweza kuinasa. Yangu haikuweza. Lenzi yake haisogei kabisa: imewekwa iangalie vitu vilivyo mbali kidogo, yaani watu kwenye sherehe. Ukiisogeza karibu na upawa, unapata ukungu. Nilipokuja kugundua, madimbwi kadhaa yalikuwa yamebaki matope.

Na zile 48 je? Nilibandika ukurasa wa gazeti ukutani nikaupiga mara mbili kutoka mahali pamoja, kwanza kwa megapikseli 48, halafu kwa 12. Herufi zilizosomeka ni zile zile, na zisizosomeka ni zile zile. Kilichoongezeka ni ukubwa wa faili tu. Kamera nyingi za bei hii hufanya hivyo: kihisi chenye pikseli chache kinapiga picha, halafu programu inabuni pikseli za katikati kwa kukisia kutoka kwa majirani. Ni sawa na kuongeza maji kwenye uji. Sufuria linajaa, lakini unga ni ule ule.

Kamera ya pili ilikuwa mtumba, ya mtengenezaji wa kamera anayejulikana, laki mbili na nusu. Megapikseli 16 tu. Ila ina fokasi inayojirekebisha, na kile kitufe chenye alama ya ua, kwa ajili ya vitu vya karibu. Nilipiga rula kwa umbali wa sentimita moja: picha ilibeba milimita 36 kwa upana wa pikseli 4,608. Kila milimita inapata pikseli 128. Bawa la mbu lenye urefu wa milimita 3 linapata karibu 380, na madoa ya bawa la Anopheles yanaonekana bila shida. Viluwiluwi nao wakaacha kuwa mchele.

Lakini nisiipambe kupita kiasi. Kihisi chake kina upana wa milimita 6.2 hivi, kwa hiyo kila pikseli ina upana wa mikromita 1.3 tu. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika. Nukta moja ya mwanga haitui kama nukta, inatua kama doa. Ukivuta lenzi hadi mwisho, kwenye namba ya tundu kama 6.5, doa la mwanga wa kijani linafika karibu mikromita 9, yaani limefunika pikseli sita mfululizo. Niliona hayo kando ya mto Kilombero, karibu na kilipokuwa kivuko kabla ya daraja. Nilikuwa nawinda kwa kamera mnana wa Kilombero, ndege wa bonde hili ambaye sayansi ilimpa jina lake, Ploceus burnieri, mwaka 1990 tu. Nikampata kwenye matete, wa njano, anatambulika. Ila manyoya yake yameyeyuka kama rangi ya maji. Hapo hata ukiongeza megapikseli hupati kitu, kwa sababu aliyegoma ni mwanga wenyewe.

Kuna mpaka mwingine ambao hakuna kamera itakayouvuka. Anopheles arabiensis na Anopheles gambiae huwezi kuwatenganisha kwa sura, hata kwa hadubini. Hao wanataka kipimo cha vinasaba maabara. Kamera inakusaidia kusema "huyu ni Anopheles" na "zalio lilikuwa hivi". Ukiitumia kusema zaidi ya hapo, unajidanganya, na unatudanganya sisi tutakaosoma tasnifu yako.

Basi, simu haitoshi? Kwa picha ya zalio au ya nyumba, simu ya kawaida ya siku hizi iliishinda ile kamera yangu ya kwanza bila jasho. Hata hivyo kamera ndogo ina faida mbili. Betri yake unaichomoa na kuweka nyingine. Na unaweza kumkabidhi msaidizi bila kumpa maisha yako yote yaliyo kwenye simu. Hata wenye nyumba wanaiona tofauti. Mzee mmoja, baada ya shikamoo na maelezo, aliniambia, "Mwanangu, ya simu naogopa itafika mitandaoni. Hiyo piga." Kukubali kwake kulinipa mzigo: kadi ya kumbukumbu ya kamera ile haiachwi ovyo.

Hukumu yangu: kamera mpya ya laki na nusu yenye megapikseli 48, achana nayo. Mtumba wa lenzi inayosogea, chukua, lakini usilipe kabla ya kufanya mambo manne pale pale dukani. Piga ukurasa wa gazeti kwa ukubwa wote wawili, ulinganishe. Piga sarafu kwa karibu uone kama maandishi yanasomeka. Rekebisha tarehe, chomoa betri, irudishe, uangalie kama imekumbuka, maana picha yenye tarehe ya uongo si data. Mwisho, fungua picha kwenye kompyuta, usiamini kioo cha nyuma.

Na ukifika uwandani, weka rula ndani ya kila picha. Jioni ile ile zifungue zote, dimbwi likiwa bado lina maji.