Vitabu Viwili vya Kusoma Pamoja



Katika parokia yetu tulianza shindano la kusoma. Kila mmoja aliahidi kumaliza vitabu 12 kabla ya Noeli, na kila mwezi mmoja wetu husimama mbele ya wenzake kuwaeleza kitabu alichokipenda. Ni jambo jema. Lakini mwezi uliopita kijana mmoja alijisifu kwamba amekwisha soma vitabu 9. Tukamwuliza: "Kipi kilikugusa moyo?" Akanyamaza. Kumbe alikuwa akihesabu vitabu kama mtu ahesabuye magunia ya mihogo, asionje kilichomo ndani.

Zamu ya mwezi huu ni yangu. Sitawapa kitabu kimoja bali viwili, kwa maana hivi viwili vinabishana, na asomaye kimoja tu atadanganyika.

Cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip. Jina hilo watu wa Kasongo na wa Maniema yote wanalijua tangu utoto. Alipokuwa mzee huko Unguja alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa kwa chapa mwaka 1902 na 1903. Humo tunamwona akivuka Lualaba, akitafuta pembe, akipigana na wafalme. Tunamwona pia mwaka 1887, Stanley anapompa kwa jina la mfalme Leopold II utawala wa Stanley Falls, pale panapoitwa leo Kisangani.

Kwa usemi, kitabu hiki ni bora sana. Maneno ni machache, habari zinakwenda mbio, hakuna pambo. Someni jinsi alivyopata nchi ya Utetera: alimwendea mfalme mzee Kasongo Rushie, akajidai kuwa wa ukoo wa dada yake aliyetekwa zamani. Mzee akasadiki, akamwachia utawala. Tippu Tip anasimulia hila hiyo kwa furaha, bila haya hata kidogo. Msomaji anacheka, halafu anajionea aibu kwamba alicheka.

Hapo ndipo penye ila ya kitabu. Pembe zinahesabiwa kwa frasila, moja moja. Lakini watu waliozibeba, je? Wapagazi anawataja hasa wanapomtoroka, nao wanarudishwa katika minyororo. Mioyo yao hatuisikii.

Basi fungeni kitabu hicho, mfungue cha pili: Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa mtu aliyepata kuwa mtumwa. Alizaliwa Freretown, karibu na Mombasa, mahali walipokaa watumwa waliokombolewa. Anaandika mambo aliyoyasikia kwa wazee wake: jinsi watu walivyokamatwa, wakafungwa, wakatembezwa mpaka pwani, wakapakiwa katika majahazi, mpaka manowari ya Waingereza ilipowakuta baharini. Kwake yeye, mtu aliyebebeshwa mzigo ana mama, ana kijiji, ana hofu. Yale aliyoyanyamazia Tippu Tip, huyu anayasema.

Lakini nitakuwa mshauri mbaya nikificha ila ya kitabu hiki nacho. Mbotela anawashukuru Waingereza mno, hata mara nyingine watumwa wanaonekana kama watu waliokaa tu kungoja waokolewe. Sisi tunajua kwamba wengi walitoroka, walipigana, walifichana. Shukrani ni fadhila, walakini haifai izibe macho ya mwandishi.

Mtaniuliza: mbona watuchagulia habari za huzuni, nawe ungeweza kutupa hadithi ya kuchekesha? Ndugu zangu, habari hizi ni zetu. Misheni za kwanza za ukingo wa ziwa Tanganyika, kama Mpala, zilipokea watu waliokombolewa kutoka utumwani. Tena lugha hii tunayosali nayo, ambayo kwayo tunaandikiana barua, ilifika kwetu kwa njia ile ile ya misafara. Tippu Tip aliisema. Na wale waliofungwa minyororo walilazimika kuijua. Katika vitabu hivi viwili lugha moja inatumiwa na mwenye bunduki na mtoto wa mtumwa. Ni nani kati yetu anayeweza kusema kwa hakika kwamba babu yake alikuwa upande mmoja tu?

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Anzeni na Tippu Tip, msifu usemi wake kama unavyostahili. Kila anapotaja mzigo, wekeni kidole pale, mwulize: nani aliubeba? Halafu msomeni Mbotela, naye mwulizeni: huyu mtumwa mwenyewe alifanya nini? Msiharakishe. Vitabu hivi si rahisi kuvipata. Mwenye nakala aiazime kwa mwenzake, nao wasiojua kusoma wasomewe barazani jioni, kwa sauti.

Katika hesabu ya shindano vitakuwa viwili tu, na labda jirani yako atakupita kwa vitatu au vinne. Mwache apite. Noeli ikifika, tutamwuliza kila mmoja swali lile tulilomwuliza kijana wetu, naye kijana mwenyewe nimekwisha mwazima nakala yangu ya Mbotela.