Sifa ya Nta Iliyopotea

Miongoni mwa kazi za mikono za Misri ya kale, sanamu ndogo za miungu zilizosubiwa kwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, ndizo zinazoonyesha vyema jinsi umahiri wa fundi unavyoweza kukaa katika kitu kisichoonekana tena. Nyingi ni za kati ya mwaka 664 na 332 KK, na mungu anayejitokeza mara kwa mara ni Osiris, mtawala wa wafu, aliyesimama amefungwa sanda, mikono kifuani, akishika fimbo ya mchungaji iliyopinda na mjeledi, huku taji lake refu likipambwa kwa manyoya mawili, na juu ya paji la uso swila akiwa ameinua kichwa.

Swila huyo, ambaye katika sanamu iliyo ndogo hazidi ukucha, hakuchongwa kwanza katika metali bali katika nta. Fundi aliitengeneza sanamu nzima kwa nta, akaifunika kwa udongo, kisha akaichoma hadi nta ikayeyuka na kutoka, ikiacha ndani ya kalibu uwazi wenye umbo lake, ambao ndio uliomiminiwa bronzi. Mara nyingi aliongeza risasi ili mchanganyiko utiririke kwa wepesi na kufika hadi kwenye ncha za manyoya. Na sanamu ikiwa kubwa, alitia kiini cha udongo na mchanga katikati ili kuokoa metali. Mwishowe kalibu ilivunjwa, na kwa kuwa nta ilikwisha kupotea, kosa la kumimina halikuwa na dawa isipokuwa kuanza upya.

Sanamu iliyokamilika ilitolewa hekaluni kama sadaka, na jina lililochorwa kwenye kitako chake kwa kawaida lilikuwa la mtoaji, si la fundi. Bronzi huyeyushwa tena kwa urahisi, lakini vitu vilivyokwisha kuwekwa wakfu vilifukiwa ndani ya eneo takatifu; ndivyo mwanaakiolojia Georges Legrain, aliyeanza kuchimba shimo la hekalu la Karnak mwaka 1903, alivyofukua maelfu ya sanamu za aina hiyo. Vidole vilivyoifinyanga nta havijulikani ni vya nani, ila kila mkunjo uliobaki katika bronzi ndivyo vilivyoukata.