Pongezi kwa Mafundi Seremala wa Kežmarok

Kežmarok ni mji mdogo wa kaskazini mwa Slovakia, katika bonde la mto Poprad, chini ya milima ya Tatra. Wageni hukimbilia ngome yake. Mimi pongezi zangu nawapa mafundi seremala waliojenga kanisa la mbao la hapo mwaka 1717, chini ya fundi wao Juraj Müttermann.

Sheria ya mwaka 1681 iliwaruhusu Waprotestanti wa Hungaria ya wakati ule, iliyojumuisha Kežmarok, kujenga makanisa, ila kwa masharti ya kukomoana: katika miji kama huu, kanisa lao likae nje ya kuta. Wakatii. Wakajenga la mbao, wakaliunganisha na nyumba ya mawe iliyokuwa kilabu cha pombe, ikageuka chumba cha mchungaji. (Hapo nacheka kila nikikumbuka.)

Kwa nje limesiribwa, halina makuu. Ndani ndipo ufundi ulipo: dari iliyopakwa rangi ya anga na mawingu, mitume kumi na wawili, nguzo zilizosokotwa, roshani za kuketisha mamia ya waumini. UNESCO iliingiza kanisa hilo katika Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Jirani lipo kanisa jipya, kubwa, lililosanifiwa na Theophil Hansen. Hilo nalipita haraka.