Kutakiana Amani Si Kusalimiana

Wapo viongozi wa ibada ambao, ufikapo wakati wa amani, huwaambia waumini, "Sasa tusalimiane." Waumini hugeuka, hushikana mikono, huulizana habari za watoto na za shamba, na wengine hutoka walipoketi kumfuata rafiki aliye nyuma. Kusalimiana si kubaya. Hata hivyo, nionavyo mimi, kitenzi hicho kimepunguza uzito wa tendo lenyewe, na sisi wa Idara ya Kiswahili hatuna budi kulisema.

Tuanze na asili ya maneno. Salamu, salama na salimu yametoka katika shina moja la Kiarabu, lililo jamaa ya shalom ya Kiebrania. Amani ina shina jingine, lile lililotupa amini, imani na amana. Hata amina tunayoitikia mwisho wa sala ni ya ukoo huo. Kwa hiyo anayemtakia mwenzake amani hamuulizi hali tu. Anamwambia: kwangu huna la kuogopa, unaweza kuniamini.

Sarufi nayo inatusaidia. Katika kutakiana mna -i- ya kutendea na -an- ya kutendana, yaani tendo hili halifanywi na mtu mmoja. Tena padre hutaja amani ya Bwana, si amani yangu wala yako. Anayenyoosha mkono anapitisha alichopokea, basi hana haki ya kuchagua wa kumnyima. Mwaka 2004 waraka wa Vatikani uitwao Redemptionis Sacramentum ulielekeza kila mtu ampe amani aliye karibu naye, kwa kiasi. Wako waliouona kuwa unabana furaha. Mimi naona hekima: rafiki wa mstari wa nyuma umemchagua, aliye karibu hukumchagua.

Mahali pa tendo hili hutofautiana. Yustino shahidi, katika karne ya 2, aliliweka kabla ya kuletwa mkate na kikombe, na ibada nyingi za Kianglikana za siku hizi hufanya hivyo, kwa kufuata agizo la Mathayo 5:23-24 la kupatana kwanza ndipo utoe sadaka. Wakatoliki wa mapokeo ya Kiroma huliweka kabla ya komunyo. Sharti ni lile lile: huikaribii meza huku ukimkwepa jirani.

Kwetu Kasese hili si suala la msamiati tu. Novemba 2016 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano na katika shambulio la ikulu ya Rwenzururu. Juni 2023 waasi wa ADF waliua watu 42, wengi wao wanafunzi, huko Mpondwe jirani na Bwera. Benchi moja la kanisa laweza kukaliwa na ndugu wa mlinzi wa ikulu na mjane wa askari polisi. Salamu zilirudi mapema; sokoni watu wanaulizana habari kama zamani. Kilichochelewa kurudi ni kuaminiana.

Tulipata kipimo Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka kutoka Kongo na wagonjwa wakapatikana wilayani mwetu. Tuliambiwa tusishikane mikono. Walioona tendo hili kuwa salamu walidhani limekufa. Lakini kule milimani Mahango nilimwona mzee mmoja akimgeukia jirani waliyegombana kwa mpaka wa shamba, akainamisha kichwa na kusema, "Amani." Jirani alikawia, kisha akaitikia. Mkono haukuwapo, na amani ilitolewa.

Atakayeniambia kwamba nagombania neno moja, nakubali. Wanafunzi wetu wengi ni wasomaji na wafasiri makanisani mwao. Nawaomba warudishe "tutakiane amani" mahali pake, na kabla ya kulitamka watazame kwanza nani ameketi karibu nao.