Shafti ya Milimita 25

Anayetaka kustaajabia uhandisi wilayani Ngara huenda Rusumo, kwenye maporomoko ya mto Kagera, ambako mitambo mitatu inazalisha megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ana haki. Mimi huvutiwa na kitu kidogo zaidi: mchoro wa mashine ya kukwangulia mihogo. Naifikiria mashine hiyo ikifungwa Mabawe, kata ya wilaya hiyo hiyo, na ikiharibika itengenezwe na fundi wa jirani mwenye grenda na mashine ya kuchomelea.

Kwa mtazamaji haina maajabu. Kuna ngoma iliyovikwa bati lenye matundu yaliyotobolewa kwa msumari, shafti inayopita katikati, beringi mbili, puli, mkanda na injini. Uhodari uko kwenye namna mchoraji anavyoijenga ndani ya kompyuta. Haanzi na umbo zuri la shafti iliyokamilika. Anaanza na chuma cha mviringo cha milimita 30, kile kilichopo dukani, kisha anakipunguza kwa mpangilio uleule atakaoufuata fundi wa kukereza: kwanza kipenyo, halafu mfereji wa kii, mwisho matundu. Programu huziorodhesha hatua hizo pembeni mwa skrini. Orodha ya mchoraji mzuri, ukiisoma kutoka juu kwenda chini, ni maelekezo ya kazi tayari.

Kwa nini kipenyo kipunguzwe hadi milimita 25? Kwa sababu beringi ya UCP205 ina tundu la 25, na beringi hiyo ni ya kawaida madukani. Pale inapokaa beringi, ameandika kwamba kipenyo kiwe kati ya 24.979 na 25.000. Katikati, ndani ya ngoma, ameruhusu kosa la nusu milimita. Huo ni uvivu wa makusudi, na ndio ninaoupenda kuliko yote. Kila elfu ya milimita inayodaiwa hulipwa kwa muda wa fundi, na mchoraji anayedai usahihi kila mahali hajui anachokihitaji. Kisha, kwenye ncha zote mbili, amechora vitundu vidogo vya senta. Shafti itashikwa kwa vitundu hivyo, hata ikigeuzwa upande wa pili mhimili ubaki uleule.

Bati la kumiminia mihogo lina hesabu yake. Ukikunja bati la milimita 2 upate pande mbili za milimita 50, zikipimwa kwa nje, usikate 100. Kwenye mkunjo, ngozi ya nje huvutika na ya ndani hubanwa. Kipande cha takriban 96 kinatosha. Kompyuta hulikunjua bati na kutoa kipimo, lakini ni lazima iambiwe fundi atalikunja kwa mviringo gani, na jibu hilo liko karakanani. Sehemu zinazogusa mihogo amezichagulia chuma kisichoshika kutu, maana maji ya muhogo yana asidi na hukila chuma cha kawaida. Kutu yake ingeishia kwenye unga.

Puli nayo. Mfereji wa mkanda kwenye puli ndogo huchorwa kwa pembe ya digrii 34, kwenye puli kubwa 38. Mkanda ukipinda sana hutanuka upande wa ndani na mbavu zake hubadili mwinamo, hivyo mfereji lazima uufuate. Wengi hunakili pembe moja kote, kisha wanaulaumu mkanda kwa kuteleza.

Ivan Sutherland alipoonyesha Sketchpad, programu yake ya kuchora, huko MIT mwaka 1963, kuchora kwenye skrini kulihitaji mtambo mzima wa maabara. Leo programu ya kuchora ya FreeCAD ni bure na inatosha kwenye kompyuta ya mkononi. Kilichobaki ghali ni kujua karakana. Arusha kuna TEMDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1980 kwa ajili ya kubuni mashine na kuziwezesha karakana za nchini kuziunda. Nadhani kijana anayejifunza kuchora angefaidika zaidi kwa wiki chache karibu na mashine ya kukereza kuliko kwa mwezi wa video.

Bolti zote za fremu ni M10, na kando ya kila kichwa ipo nafasi ya spana namba 17 kuzunguka. Matundu ya kufungia injini ni marefu kuliko bolti, ili isogezwe nyuma mkanda ukilegea. Kinga ya mkanda imeshikwa kwa bawaba upande mmoja na bolti mbili upande wa pili. Ingekuwa na bolti nane, ingetolewa mara ya kwanza mkanda unapobadilishwa, na hakuna ambaye angeirudisha.